Somo Limekwisha, Maikrofoni Bado Iko Wazi

Alikuwapo mwalimu wa Kiswahili, Unguja, aliyekuwa akifundisha wageni kwa njia ya intaneti. Mwanafunzi yuko Ujerumani, mwalimu yuko chumbani kwake, na kati yao hakuna kitu ila kivinjari. Hakuna programu ya kupakua wala kusakinisha. Unabofya kiungo, kivinjari kinakuuliza kama unaruhusu kamera na maikrofoni, unakubali, mnaanza kuzungumza. Teknolojia inayowezesha hayo ni WebRTC, ambayo Google iliiweka wazi kwa dunia nzima mwaka 2011, na Januari 2021 W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, ikaipitisha rasmi. Leo imeenea kote, kuanzia masomo ya ziada na ushauri wa daktari hadi usaili wa kazi.

Mfumo aliokuwa akiutumia mwalimu huyu ulikuwa wa mtindo wa zamani. Akibofya kitufe cha "Maliza Somo", kivinjari kiliuacha ukurasa wa somo na kupakia ukurasa mwingine wenye ratiba yake. Ilichukua muda, na kwa mtu anayeishi kwa bando, kupakia kila kitu upya ni gharama. Kijana aliyekuwa developa wa mradi akaona awapunguzie walimu mzigo. Akauandika upya ili ukurasa upakiwe mara moja tu, kisha kila kitufe kibadilishe kinachoonekana bila kuomba ukurasa mpya. Walimu wakashukuru. Kasi iliongezeka na bando likadumu.

Asichokijua ni kwamba ule upakiaji aliouondoa ulikuwa na kazi nyingine. Kivinjari kinapouacha ukurasa, hukatisha kila kilichokuwa kikiendeshwa na ukurasa huo. Kamera huachiwa, maikrofoni huachiwa, muunganisho na upande wa pili hufungwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa kuzima kamera, na hakuna aliyegundua kwamba haupo, kwa sababu kivinjari kilikuwa kikiwafanyia. Sasa ukurasa hauondoki tena, na kazi ile imebaki bila mwenyewe.

Jioni moja, saa kumi na moja hivi, mwalimu alimaliza somo la ngeli. Akaaga, akabofya "Maliza Somo", picha ya mwanafunzi ikatoweka, ratiba ikatokea. Akavua mtandio. Simu yake ikaita, kumbe ni wifi yake. Wakaingia kwenye habari ya nyumba ya urithi, ile ambayo kaka mkubwa anataka iuzwe kabla mirathi haijagawanywa, na mwalimu akasema maneno ambayo mtu huyasema kwa wifi yake tu, tena akiwa chumbani kwake na mlango umefungwa. Laptopu ilikuwa mezani imefunuliwa, kitaa cha kijani kando ya kamera kinawaka. Hakukiangalia. Ukurasa ulikuwa umeshamwambia kwamba somo limekwisha.

Mwanafunzi hakuwa amebofya chochote. Alikuwa akinakili msamiati kutoka kwenye dirisha la somo, na katika dirisha hilo mwalimu wake alikuwa bado yupo, kichwa wazi, anazungumza. Alikuwa mwaka wa pili wa kujifunza Kiswahili na alielewa vya kutosha. Akamwandikia WhatsApp: "Samahani sana Mwalimu, bado ninakuona na kukusikia. Ninatoka sasa hivi." Kisha akatoka.

Mwalimu aliusoma ujumbe baada ya kuagana na wifi yake. Wiki ile hakufundisha. Hakumlaumu mwanafunzi, maana alifanya uungwana. Kilichomkosesha usingizi ni hesabu asiyoweza kuipiga: ni masomo mangapi yaliyotangulia yalikuwa yameisha namna hiyo, na ni nani waliosikia wakanyamaza?

Alipompigia kijana, jibu lilikuwa la haraka. "Shikamoo Mwalimu. Hilo haliwezekani, ukibofya pale video inaondolewa, nimeiandika mwenyewe." Mwalimu akamjibu, "Marahaba mwanangu. Taa ilikuwa inawaka."

Kijana hakuwa mwongo. Alikuwa amejaribu mara nyingi. Ila kila alipojaribu alifuata njia ileile: anaingia kwenye somo, anabofya "Maliza Somo", anaona ratiba, anaridhika, halafu anapakia ukurasa upya ili aanze jaribio jingine. Kule kupakia upya ndiko kulikokuwa kukizima kamera. Na macho yake yalikuwa kwenye skrini muda wote, si kwenye taa.

Hapa inafaa nieleze kilichokuwa kikitokea, maana watu wengi, wakiwamo wanaoandika programu, hudhani simu ya video ni kitu kimoja chenye swichi moja. Kuna chanzo chenyewe, yaani kamera au maikrofoni. Ukitoa ruhusa, kivinjari huchota kutoka kwenye chanzo hicho kitu kinachoitwa traki: traki ya picha na traki ya sauti. Traki hizo hufungashwa pamoja na kuitwa mkondo. Traki hiyohiyo moja inaweza kwenda sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye fremu ya video iliyo mbele yako ili ujione, na kwenye muunganisho unaompelekea mwenzako. Kijana alichokiondoa ni fremu. Ukiondoa ndoo chini ya bomba, koki hujaifunga.

Ili somo liishe kweli, traki zinatakiwa zisimamishwe moja moja, muunganisho ufungwe, na upande wa pili uambiwe. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi ya kingine. Ukifunga muunganisho bila kusimamisha traki, mwenzako hakuoni tena lakini kamera yako inaendelea kuchukua picha ndani ya ukurasa, na chochote katika ukurasa huo kinaweza kuitumia bila kukuomba ruhusa upya. Ukisimamisha traki bila kufunga muunganisho, taa inazimika lakini njia kati ya kompyuta mbili inabaki, na sauti ya yule wa upande wa pili inaendelea kuingia chumbani mwako.

Usiku uleule kijana akatafuta dawa. Akakuta maelezo ya zamani yanayosema uuamuru mkondo wenyewe usimame, kwa amri moja tu. Akauweka mstari huo mwanzoni, na chini yake akaweka mstari wa kufunga muunganisho. Maelezo yale yalikuwa sahihi siku yalipoandikwa. Lakini mwaka 2015 Chrome ilitangaza katika toleo lake la 45 kwamba amri hiyo imepitwa na wakati, na hatimaye ikaondolewa kabisa. Sababu ilikuwa nzuri: mkondo ni kifurushi tu, chenye uhai ni traki, na traki moja inaweza kuwamo katika mikondo miwili. Ukisema "mkondo usimame", haijulikani barabara ni nini kinachosimama. Kwa hiyo amri ikabaki kwenye traki, na mwenye programu akatakiwa azipitie zote.

Kivinjari kikikutana na amri isiyokuwapo hakimshtui mtumiaji. Huandika kosa mahali ambapo developa peke yake ndiye hupafungua, kisha huiacha kazi hiyo hapohapo bila kuendelea na mistari iliyobaki. Mstari wa pili wa kijana, ule wa kufunga muunganisho, ulikuwa sahihi kabisa. Haukufikiwa hata mara moja. Dawa ikawa haijaponya kitu, ila safari hii yeye alikuwa na hakika kwamba ameponya, na akawaandikia walimu kuwa tatizo limekwisha. Hakika ya namna hiyo naiona hatari kuliko kosa la kwanza, kwa sababu walimu walirudi kuzungumza kwa uhuru mbele ya kamera zinazowaka.

Mara ya pili aliandika ipasavyo, kila traki ikaambiwa isimame. Akaketi mwenyewe akiitazama taa, ikazimika. Siku mbili tatu zikapita kwa amani, halafu mwalimu mwingine akaripoti kuwa taa yake inazimika lakini kivinjari bado kinaonyesha kuwa maikrofoni inatumika, tena si kila mara. Ilikuwa inatokea kwa wale waliotumia kipimo cha sauti, kile kimstari kinachopanda na kushuka mtu akizungumza ili ajue kama anasikika. Ili kukitengeneza, kijana alikuwa amenakili traki ya maikrofoni. Nakala ina uhai wake. Ukisimamisha ya kwanza, ya pili inaendelea, na kivinjari hakiachii chanzo mpaka traki ya mwisho inayokitumia iwe imesimama. Wanaoweka mandhari bandia nyuma ya picha au kurekodi somo pembeni wanakutana na jambo hilohilo. Kila nakala unayoizaa, uwe na orodha yake.

Lakini lililomchosha zaidi ni la tatu. Mwalimu anabofya kuingia darasani, kivinjari kinaleta dirisha la kuomba ruhusa, naye anakumbuka kwamba somo limeahirishwa. Anabofya kurudi kwenye ratiba. Dirisha la ruhusa bado linaning'inia pale juu, na mkono kwa mazoea unabofya "Ruhusu". Mkondo unafika wakati aliyeuagiza ameshaondoka. Kamera inawaka, wala hakuna sehemu yoyote ya programu inayokumbuka kuwa ina kamera mkononi, kwa hiyo hakuna kitufe chochote kwenye ukurasa kinachoweza kuizima. Tatizo la namna hii halionekani kwa kusoma mistari ya programu mmojammoja, kwa kuwa kila mstari uko sawa. Linaonekana ukijiuliza mambo mawili yanaweza kufika kwa mpangilio gani. Dawa yake ni fupi: mkondo unapofika, kabla ya kufanya nao chochote, uliza kama somo bado linatakiwa. Kama halitakiwi, simamisha traki zake palepale mlangoni.

Katikati ya hangaiko hilo mwenzake wa kazini alimshauri njia ya mkato: traki izimwe tu kwa muda, kama inavyofanyika mtu akijinyamazisha. Ni ushauri ninaousikia mara nyingi, nao haufai mwisho wa simu. Traki iliyozimwa kwa muda hupeleka ukimya badala ya sauti na weusi badala ya picha, lakini iko hai, na ukurasa unaweza kuiwasha tena bila kuuliza mtu. Firefox huiachia kamera wakati huo na taa huzimika. Chrome kwa kawaida huishikilia, na taa huendelea kuwaka. Katikati ya somo hilo ni jambo zuri, kwa sababu mtoto akipiga kelele unataka kunyamaza na kurudi upesi. Somo likiisha hakuna wa kurudi.

Na wapo waliochukulia kunyamazisha kuwa ni kuzima, wakajikuta na swali la kujibu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison na wenzao walichunguza programu za mikutano zinazosakinishwa kwenye kompyuta. Walikuta kwamba mtumiaji akijinyamazisha, programu bado zinaweza kuifikia maikrofoni, na moja kati yake iliendelea kupeleka kwenye seva taarifa zilizotokana na sauti. Kitufe kilisema umenyamaza. Wenzako mkutanini hawakukusikia, ni kweli. Maikrofoni ilikuwa na habari nyingine.

Lipo pia suala la nani hutaarifiwa simu inapoisha, na hili kijana alilifahamu kwa kuchelewa. Alitegemea kwamba traki ikisimama, programu itapata taarifa kuwa imekwisha, naye akaiachia taarifa hiyo ianzishe kazi yote ya kufunga kilichobaki. Akasubiri isiyokuja. Taarifa ile hutolewa pale chanzo kinapokatika chenyewe: kamera imechomolewa, mtu amefuta ruhusa, au ameacha kushiriki skrini kwa kutumia kitufe cha kivinjari badala ya kile cha ukurasa. Ukiisimamisha wewe kwa amri yako, hupewi taarifa, kwa kuwa inachukuliwa kwamba unajua ulichokifanya. Hali kadhalika, ukifunga muunganisho usitarajie kuwa mwenzako ataarifiwa papo hapo. Kuna utaratibu wa usalama, uliowekwa na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, mwaka 2015, unaoitaka kila kompyuta iendelee kupata idhini ya mwenzake, na isipopata jibu kwa sekunde 30 iache kupeleka. Ni kinga nzuri, ila sekunde 30 ni nyingi kwa mtu anayetazama sura iliyoganda asijue kama mwalimu amekasirika au umeme umekatika. Basi neno la kwaheri lipelekwe waziwazi kupitia seva, ili upande wa pili nao ufunge kilicho chake.

Nisingependa msomaji adhani haya ni mambo ya vijana wachanga na miradi midogo. Januari 2019 iligundulika kwamba katika FaceTime ya Apple, ambayo haipiti kwenye kivinjari, mpigaji aliweza kumsikia mpigiwa kabla hajapokea. Ilitosha kujiongeza mwenyewe kwenye simu ya kundi wakati bado inaita. Aliyeligundua alikuwa kijana wa miaka 14 wa Arizona, na mama yake alihangaika zaidi ya wiki akijaribu kuifahamisha kampuni. Apple ikalazimika kuzima simu za kundi mpaka Februari ilipotoa marekebisho. Miaka miwili baadaye Natalie Silvanovich, mtafiti wa usalama wa Google, alieleza kasoro za jamii hiyohiyo alizozikuta katika programu kadhaa, zikiwamo Signal, Facebook Messenger na Duo ya Google yenyewe. Zote zilikuwa zimesharekebishwa alipoandika. Kasoro hizo zilikuwa mwanzoni mwa simu, na ya mwalimu wetu ilikuwa mwishoni, lakini chanzo ni kimoja: skrini na maikrofoni kila kimoja kina hesabu yake ya simu iko hatua gani, na hakuna aliyevilazimisha vikubaliane.

Ndiyo maana toleo la mwisho la kijana lilianza upande mwingine. Kwanza kabisa, kabla ya jambo lolote linaloweza kushindikana, traki zote pamoja na nakala zake zinasimamishwa. Seva ikiwa haipatikani, sawa, traki zimeshasimama. Muunganisho ukigoma kufungwa vizuri, sawa, traki zimeshasimama. Baadaye neno la kwaheri linapelekwa, muunganisho unafungwa, na fremu inaondolewa mwisho. Maneno "Somo limekwisha" hayatokei kwa sababu kitufe kimebofywa. Yanatokea baada ya programu kuiuliza kila traki hali yake na kujibiwa kuwa imekoma. Na majaribio yakabadilika. Anayejaribu haruhusiwi kupakia ukurasa upya, na lazima awepo mtu wa pili kwenye kompyuta nyingine ambaye habofyi chochote, amekaa tu kama yule mwanafunzi, aseme anachokiona na anachokisikia.

Walimu nao wakaelezwa mahali pa kutazama. Kichupo kinachotumia kamera au maikrofoni huwekewa alama na kivinjari, na alama hiyo haiandikwi na mwenye ukurasa, kwa hiyo haiwezi kudanganya kama kitufe kinavyoweza. Ikiendelea kuonekana baada ya somo, funga kichupo chote. Kukifunga kichupo ndiyo ile kazi ya zamani ya kivinjari, nacho bado kinaifanya barabara.

Lilibaki swali la mwalimu: ni masomo mangapi? Kijana alirudi kwenye kumbukumbu za seva. Seva ilikuwa ikiandika saa ambayo kila mwalimu alibofya "Maliza Somo", na pia saa ambayo kompyuta yake ilitoka kabisa kwenye somo. Mfumo ulipokuwa wa zamani, saa hizo mbili zilikuwa zikifuatana kwa sekunde chache. Tangu aubadilishe, kwa baadhi ya walimu zilipishana kwa dakika nyingi, na kwa wengine mpaka usiku, laptopu ilipofungwa. Akaangalia pia ni lini mwanafunzi wa kila somo aliondoka, kwa kuwa dakika za hatari ni zile ambazo wote wawili walikuwa bado wamo. Wakubwa wake walipendekeza walimu wapelekewe barua moja ya jumla ya kuomba radhi, bila tarehe. Alikataa. Alimtayarishia kila mwalimu karatasi yake: somo la tarehe gani, na mwanafunzi yupi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Ya mwalimu wa Unguja aliipeleka kwa mkono, akakaa naye sebuleni wakaisoma mstari kwa mstari, na kila walipofika kwenye tarehe, mwalimu alikuwa akijaribu kukumbuka jioni ile alikuwa nyumbani na nani.